Saa ya Mzee Galea

Sliema, Malta
Alhamisi

Mpendwa Mjomba Akpojotor,

Migwo. Niko mbali lakini goti nimelipiga, hapa hapa pembeni ya kitanda, kwa hiyo niitikie hukohuko uliko. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mgongo wako umepungua kuuma tangu uache kukaa kwenye lile benchi la klabu. Mama msalimie sana, umwambie nakula vizuri, hata kama chakula cha huku hakina pilipili na mtu anaweza kumaliza sahani bila kujua kama amekula. Mimi afya ninayo. Sina homa, sina kikohozi. Nimechoka tu, Mjomba, uchovu ambao hata nikilala mchana kutwa naamka nao.

Najua unajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Simu ungenikatiza. Ningeanza tu, ungecheka, ungeniita shujaa, ungempa Mama simu, naye angeanza kuniombea, na mimi ningekata bila kusema ninalotaka kusema. Ndiyo maana barua hii anakuletea Ochuko kwa mkono wake. Yeye na wenzetu wanaondoka Jumamosi. Mimi sitakuwemo. Usimbane kwa maswali, maana hajui kilichomo.

Picha za maandalizi nimeziona zote. Nimeona turubai, viti vya kukodi, kitambaa cha kijani mlichoshonea sare, na ile picha yangu kubwa yenye maneno kwamba mwana wa Effurun ameokoa maisha ya mzungu. Nimeiangalia sana picha hiyo. Naomba isipandishwe mpaka uwe umeimaliza barua hii, na ukishaimaliza uamue mwenyewe.

Safari ilikuwa mateso tangu mwanzo. Unakumbuka viza zilitoka Jumanne jioni wakati sisi tulishaanza kuwaaga watu kwa aibu. Basi tulilala sakafuni Istanbul kusubiri ndege ya pili, na begi langu likabaki huko na mashati yangu yote. Tulifika asubuhi ileile ya mashindano. Nilinawa uso kwenye choo cha hoteli, nikaingia ukumbini na nguo ya safari, nikakaa mezani. Siku ya kwanza nilipoteza michezo minne kati ya saba. Ochuko akaniuliza kama nimekuja kushindana au kutoa sadaka. Nilikuwa sina hata nguvu ya kumtukana.

Siku ya pili nikaamka kidogo. Siku ya tatu niliwafunga watu ambao majina yao tulikuwa tunayasoma pale klabu kama majina ya manabii. Mpaka asubuhi ya siku ya nne nilikuwa wa kumi na mbili kati ya watu mia na kitu, na wewe ukanitumia ujumbe kwamba nikiingia kumi bora utafunga mtaa mzima. Nilikuwa naubeba ujumbe huo kila ninapokaa mezani. Sikusemi kwa ubaya. Nataka tu ujue kichwani mwangu mlikuwa na nini.

Mchezo wa ishirini na tatu nilipangiwa na Mzee Desmond Galea, mwenyeji wa hapa, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, umri miaka sabini na mmoja. Kila mtu ukumbini anamjua. Anakuja na mke wake, Bi Karmena, ambaye hachezi ila hukaa nyuma na kikapu chenye chupa ya chai. Mzee aliniuliza nimetoka wapi. Nilipomwambia, akashika kichwa. Akasema aliwahi kufungwa na mtu wa kwetu vibaya sana hata mke wake akamkatalia chakula cha jioni. Akaona natetemeka kwa lile baridi la kiyoyozi, akavua skafu yake akanivisha mwenyewe, akasema hataki nije kusingizia baridi nikishindwa. Ndivyo tulivyoanza, tunacheka.

Alinitangulia tangu neno la kwanza aliloliunda ubaoni. Anacheza taratibu, anafuta miwani, anapanga kete zake za herufi kwenye kibao kama mtu anayepanga vikombe vya thamani. Kila mmoja ana dakika zake ishirini na tano kwenye saa ya mezani, na ukizizidisha unakatwa pointi kumi kwa kila dakika. Mwishoni kabisa alikuwa mbele yangu kwa pointi thelathini na nane. Zamu ilikuwa yake, na saa iliyokuwa inakwenda ni yake.

Yaliyofuata mmeyasikia kwa Ochuko. Kwamba mzee alipatwa na kiharusi mezani, na kwamba mimi ndiye niliyeinua mkono na kuita msimamizi, nikamlaza chini kwa ubavu, nikamlegeza kola, nikamshika kichwa mpaka gari la hospitali likafika. Kwamba ukumbi mzima ulisimama na kupiga makofi. Yote hayo ni kweli, Mjomba. Msimamizi akanipa ushindi, kwa kuwa mwenzangu hakuweza kuendelea. Nikacheza michezo iliyobaki kama mtu aliyelala, nikamaliza wa tisa. Siku ya kufunga wakaniita mbele kunipa sahani ya kioo, tuzo ya uungwana, ambayo wachezaji wenyewe huipigia kura. Ndiyo hiyo nimeishika kwenye picha mliyoikuza.

Tangu siku ile nimekuwa nakwenda hospitali kila mchana. Mwanzoni Bi Karmena ndiye aliyeniomba. Mzee upande wa kulia haufanyi kazi, na maneno yamempotea yote. Anajaribu, midomo inacheza, unatoka mguno tu, halafu anachoka anafumba macho. Lakini mimi nikiingia anafurahi. Anainua mkono wa kushoto, ule mzima, ananionyesha kwa nesi, kwa daktari, kwa mfagizi, kama vile mimi ni mtoto wake aliyerudi kutoka masomoni. Bi Karmena ananishika mikono yote miwili na kuibusu. Ananiletea supu kwenye bakuli lenye kifuniko. Anasema bila mimi angekuwa mjane.

Sasa lile lenyewe, Mjomba. Kaa chini kama umesimama.

Unaikumbuka siku Baba alipopatwa na kiharusi pale sebuleni. Mimi ndiye niliyeuona mdomo wake ukishuka upande mmoja, nikakimbia bila viatu kuja kukuita. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na sura ile haijanitoka. Kwa hiyo mdomo wa Mzee Galea uliposhuka, nilijua. Sikudhani amesinzia. Sikudhani anafikiri. Kete moja ilimponyoka, mkono wake ukateleza kutoka mezani ukaning'inia, naye akawa ananitazama kwa jicho moja kana kwamba anataka kuniuliza kitu. Nilijua ni nini tangu sekunde ile.

Nikaangalia saa. Alikuwa amebakiza dakika mbili.

Wewe ulitufundisha kwamba saa ya mwenzako ikikimbia, mdomo wako ni wa kula tu. Tuliimba maneno hayo klabu mpaka yakawa kama kupumua. Asiyebonyeza saa yake ni shauri yake, anayesinzia ni shauri yake, na anayemwamsha ni mjinga. Hata hivyo sikulaumu. Ulikuwa unatufundisha mchezo, na mimi mezani pale nilikuwa na akili zangu timamu. Nilikaa kimya. Nilijifanya nazipanga kete zangu. Nilikuwa nyuma kwa pointi thelathini na nane, nikapiga hesabu: dakika nne baada ya muda wake kwisha zingetosha. Nikasubiri mbili za kwanza. Halafu nikazisubiri zile nne, moja moja, namba zikibadilika mbele ya macho yangu, na skafu yake ikiwa shingoni mwangu. Ya nne ilipotimia ndipo nikainua mkono.

Dakika sita. Na zile pointi arobaini hakuna hata mtu aliyezihesabu. Msimamizi alinipa ushindi kwa sababu mzee alikuwa sakafuni, angenipa hata ningepiga kelele dakika ile ya kwanza. Wale wa gari la hospitali waliniuliza hali hiyo imeanza lini. Nikawajibu sasa hivi. Nilisema bila kigugumizi.

Nilirudisha ile sahani kwa msimamizi nikamweleza. Alisikiliza nusu, akanipiga begani, akasema nimechoka na mshtuko haujanitoka, nikalale. Nilimuuliza daktari kama dakika sita zingebadilisha kitu. Alisema hakuna binadamu anayeweza kunijibu swali hilo, na akaniuliza kwa nini naliuliza. Nikamshukuru, nikatoka.

Juzi nikamwambia Bi Karmena. Tulikuwa kwenye korido, yeye na bakuli lake la supu. Nilimwambia yote, hata hesabu ya pointi. Nilitaka anizabe kofi, Mjomba. Nilitaka anifukuze mbele za watu, nirudi hotelini nikusanye nguo zangu chache nije nyumbani na aibu yangu niliyoistahili. Hakulia. Aliweka bakuli kwenye kiti, halafu akaniuliza kama kuna mtu mwingine anayejua. Nikasema nimejaribu, hawataki kujua. Nikamwambia naingia ndani kumwambia mzee mwenyewe, maana masikio yake ni mazima.

Akanishika mkono wa shati.

"Huingii," akasema. "Kila nesi anayekuja, mzee anamwonyesha wewe. Ndicho kitu pekee kinachomfanya acheke toka aanguke. Sasa unataka kumnyang'anya na hicho, ili wewe ulale usingizi?"

Nilirudi nyuma hatua moja.

"Kesho uje saa ileile," akasema. "Na keshokutwa. Ukae naye, ucheke naye. Mimi usinisemeshe."

Kwa hiyo nakwenda. Nakaa kwenye kiti kilicho upande wake wa kushoto, mzee ananishika mkono anauweka kifuani, nami nacheka kama nilivyoamriwa. Supu haiji tena. Bi Karmena akiniona anageukia dirisha. Tiketi nimeisogeza mbele wiki tatu, na nimehamia kwa padri mmoja Mnigeria ambaye ana chumba nyuma ya kanisa na haulizi maswali.

Jana, wakati mwalimu wa mazoezi ya kusema akimsaidia kuuzoeza ulimi, mzee alitamka neno lake la kwanza. Nesi alikimbia kumwita daktari, wote wakajaa chumbani wakipiga makofi. Aliita jina langu, "Ono." Akarudia mara tatu, machozi yakimtoka. Mke wake, aliyeishi naye miaka arobaini na mmoja, alikuwa amesimama hapo hapo ubavuni mwake. Aliipanga mito vizuri, akamfuta mdomo, akatoka nje.

Mjomba, nakuomba wewe ndiye uwaambie watu. Waambie ukweli wote, usiupunguze kwa kunipenda. Mwambie Mama kwanza, peke yake, umshike mkono wakati unamwambia, kwa sababu anakumbuka mdomo wa Baba kama ninavyoukumbuka mimi. Vijana wa klabu waambie pia. Wakiniita jina lolote baada ya hapo, litakuwa langu. Turubai lishusheni. Sitaki kupigiwa makofi tena.

Nisalimie mama mdogo na watoto wake, na wote wa benchi la klabu watakaotaka salamu zangu. Wasiotaka nawasalimu vilevile. Wewe Mungu akuweke, na mgongo upate nafuu. Nakwenda sasa, saa ya kuwaona wagonjwa imekaribia na mzee huanza kuangalia mlango mapema.

Mpwa wako,
Onoriode