Sufuria Iliyobaki Getini

Shoga, uko? Nina hasira!

Ile bustani ya michezo tuliyowaahidi watoto, leo ndiyo tumeenda. Mume wangu kaja na mahesabu yake: "Tukipika nyumbani, pesa ya chakula tutapandia mabembea." Nikakubali, mjinga mimi! Nimeamka alfajiri, nimekaanga kuku wawili, wali sufuria nzima.

Kufika getini, mlinzi anasema chakula cha nje hakiingii. HAKIINGII! Bwana mahesabu anaangalia viatu vyake.

Mlinzi tena: "Kiacheni hapa, mtakichukua mkitoka."

Huko ndani sahani moja ya chipsi ni bei ya kuku mzima. Kuku mzima, shoga! Pesa yote ya mabembea imeishia kwenye chipsi, sahani mbili watu watano. Mabembea tumeyatazama tu. Kitinda mimba wangu ananiuliza, "Mama, kwani kuku wetu kakosa nini?"

Tunatoka, nanyanyua sufuria, nyepesi kama karatasi. Mlinzi anajifuta mdomo: "Asante mama, ila siku nyingine punguza chumvi."

Na mume wangu, bila haya: "Hata mimi huwa namwambia."