Ya Uzio, Si ya Sufuria

Kwako mama mkwe,

Shikamoo mama. Hali yako? Miguu bado inavimba? Na yale macho, umeshapata mtu wa kukupeleka yakatazamwe? Maswali haya nilipaswa kukuuliza wiki saba zilizopita, siku ile uliposimama mlangoni na begi lako. Sisi huku tunapumua. Mwanao anakwenda kazini na kurudi. Mimi bado nipo kwa fundi, napinda sare na kushona vifungo. Mjukuu wako Kasuku mashavu yamerudi, na mdomo ndio usiseme. Kila neno analolisikia lazima alirudie. Juzi kamwambia mwenye nyumba wetu kwamba anakohoa kama pikipiki, maneno aliyoyaokota kwangu, nikakosa pa kuuficha uso.

Nimekupigia simu hupokei, na sikulaumu. Ndiyo maana nimekaa hapa kwenye ngazi ya nyuma na daftari, mtoto amelala usingizi wa mchana. Mwandiko wangu unaujua, utanisamehe. Nakuomba usome mpaka mwisho, hata ukifika mahali ukatamani kuichana barua hii.

Wifi ameniambia kwamba siku hizi hupiki. Unakunywa chai kwa mkate, asubuhi na jioni, na jirani akikuomba umsaidie kumenya viazi unakataa, unakaa umeikalia mikono yako. Wewe mama, uliyepikia shule ya bweni miaka ishirini na miwili, watoto mia tatu kwa siku, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuumwa tumbo kwa sufuria yako. Ulituambia hivyo mwaka ule nilioolewa. Hukuwa unajisifu, ulisema kama mtu anavyotaja jina lake.

Naomba nikueleze habari ya ile rozmari.

Ulipokuja kukaa nasi, siku ya pili tu ulionja supu yangu ukasema haya ni maji yaliyopita karibu na kuku. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ukanisimulia kichaka cha rozmari ulichokipanda mlangoni pa jiko la shule, na jinsi tawi moja tu linavyoweza kuvipa heshima hata viazi vya jana. Nikaliweka moyoni. Ulikuwa umebakiza siku tisa uondoke, nami nilitaka uondoke umeinusa tena.

Jumamosi nikamchukua Kasuku tukaenda kwa Bwana Miche, yule mzee mwenye maneno mengi anayeuza miche nyuma ya kituo cha mafuta. Alikuwa na safu mbili za rozmari. Ya kwanza ilikuwa myembamba, mirefu, miguu wazi, majani mengine yametafunwa na wadudu. Ya pili ilinenepa, imeshonana, inang'aa, jani halina hata tundu. Aliniambia nisugue jani kwa vidole ninuse. Ile myembamba harufu yake ilinikaa mkononi mpaka jioni, ile minene ilinukia kidogo tu, kama inaona haya. Akasema rozmari ya jikoni hununuliwa kwa pua, anayenunua kwa macho akapambe nayo ukuta. Akanifundisha nichanganye udongo na mchanga, nitoboe chombo chini, nikiweke juani kutwa, na nisimwagilie mpaka kidole kikute udongo umekauka, maana mmea huu huuawa na mapenzi kuliko kiu.

Mimi nikanunua kwa macho. Nikabeba mmoja mnene.

Nikaupanda kwenye ile ndoo iliyopasuka. Ulipotoka nje ukauona, ulichuma jani, ukafumba macho, ukaniuliza umetoka wapi. Nikakujibu kwamba nimepewa na mwenzangu wa kazini, kautoa kwenye bustani yake anayochumia viungo vya kupikia. Ule ulikuwa uongo wangu wa kwanza, na sababu yake inakuja.

Jumatatu nilikuwa kazini. Ulimpondea Kasuku viazi, ukakatakata rozmari mbichi ukamnyunyizia juu. Jirani yetu aliponipigia simu nilikimbia na kipimo cha fundi shingoni. Nilimkuta mwanangu anatokwa mate kama bomba, anatapika, mboni za macho zimekuwa kama ncha ya sindano. Hospitali muuguzi aliuliza kama nyumbani tuna dawa ya wadudu. Nikasema hatuna. Wewe ukaulizwa ulichopika, ukataja kimoja kimoja, viazi, mafuta, chumvi, rozmari ya bustanini.

Mwanao akasema kwamba ni macho yako. Akasema hapana shaka ulichukua chupa siyo, kati ya zile za kusafishia zinazokaa chini ya sinki. Akasema palepale kwenye korido, watu wanasikia, kwamba mkono wako usiguse tena sufuria ya mwanawe. Ulinitazama mimi. Nami nikatazama sakafu.

Siku ya nne mtoto aliporuhusiwa, uliiosha ile sufuria mara tatu. Kila mara uliinusa, ukatikisa kichwa, ukaiosha tena. Kisha ukaifudikiza rafuni ukachukua begi.

Sasa nisikilize, mama. Macho yako hayakukosea. Mkono wako haukukosea. Bwana Miche aliniambia kabla sijatoa hela kwamba ile minene imepuliziwa sumu ya wadudu wiki ileile, ni ya kupanda kwenye nyua. Akasema nikitaka kuipikia niikate yote, nitupe majani, nisubiri miezi mitatu mapya yaote. Akarudia tena, kwa sababu aliniona siweki akilini: hii ni ya uzio, si ya sufuria. Kasuku alilidaka lile neno, akaliimba njia nzima.

Miezi mitatu sikuwa nayo. Nilikuwa na siku tisa. Nikayaosha majani kwa maji ya chumvi, nikajiambia yametosha. Mama, nilidhani dawa ya wadudu inaua wadudu tu. Ndiyo maana nikakudanganya ulikotoka, ili mkono wako usisite.

Tena kuna hili, na ndilo linalonitafuna. Mle koridoni uliniambia kwamba ulipokuwa unapika mtoto alikaa kando yako akiimba sufuria, sufuria, ukajua ana njaa, ukaharakisha. Hakuwa na njaa, mama. Alikuwa anakuambia.

Niliyajua hayo nikanyamaza. Muuguzi aliniuliza nikasema hatuna, na mwanangu mwenyewe yuko kitandani na sindano mkononi. Ningeweza kumzika kwa aibu yangu.

Mficha maradhi kilio humuumbua. Jumapili tulikuwa tunatembea na baba yake, Kasuku akaona uzio wa watu, akauimba wimbo wake. Baba yake akacheka, akaniuliza nani kamfundisha. Nikasema sijui. Niliposema sijui nikajua nikiendelea nitakuwa mtu ambaye simtaki.

Jumanne asubuhi nilimwambia yote. Alikuwa anafunga viatu. Akavivua tena, akakaa. Tangu hapo hazungumzi nami ila habari za mtoto. Jana tu alisema kwamba Jumamosi ijayo anakuja kwako kuomba radhi, na kama nami nije au nisije, hilo ameliacha mikononi mwako. Nami naliacha hukohuko. Ukisema nisije, sitakuja.

Mmea ule mnene niliung'oa, nikauzika mbali na watu. Nilirudi kwa Bwana Miche nikamweleza, akanisema mbele ya wateja mpaka nikalia, haki yangu. Kisha akanipa mmoja mwembamba wa safu ya kwanza. Nimeupanda kwenye ndoo, mchanga nusu, juani kutwa. Simwagilii mpaka kidole kiniambie. Umeshika, una vijani vipya vinne, na hakuna aliyeuchuma. Nilitaka kukutilia kimoja ndani ya bahasha hii, nikasita. Sina haki ya kukuambia unuse tena kitu kilichotoka mkononi mwangu.

Sufuria yako iko palepale rafuni, imefudikizwa. Natumia ile ndogo.

Nisalimie wifi, umsomee barua hii yote, usimrukie mstari. Na jirani wa viazi msomee pia. Kasuku ameamka, anauliza naandika nini. Nimemwambia namwandikia bibi. Amesema nikuambie shikamoo, na kwamba viazi vyangu havina kitu.

Mkweo,
Mama Kasuku