Pembe Nyuma ya Nyumba

Jumapili, 3 Machi
Amekuja tena. Nimetoka kanisani, hata koti sijavua, huyo hapo chini ya uzio, anakula maganda ya tufaha niliyommwagia juu ya theluji. Kulungu dume, wale wadogo wa misitu ya huku Jordbro, Uswidi. Pembe zinakua. Bado zimevikwa ngozi yenye vinyweleo, laini kama mahameli. Nimempiga picha, nikamtumia Neema. Binti yangu hajanijibu tangu Krismasi. Leo kajibu neno moja la Kiswidi: Fint. Yaani nzuri. Nimelisoma mara nyingi kuliko Zaburi ya leo.

Jumamosi, 20 Aprili
Anajisugua pembe kwenye mti wangu wa tufaha. Ngozi inaning'inia vipande vipande, damu damu. Gome la mti limekwisha. Simlaumu. Nimetuma picha.

Neema kauliza kila pembe ina matawi mangapi. Matatu, nimemwambia. Akanitumia moyo mwekundu. Mwekundu!

Zamani tulikuwa tukiwatazama kulungu pamoja, yeye kasimama juu ya kiti, pua kwenye kioo. Sasa yuko mji wa Gävle, kaskazini, na Erik wake. Tuligombana juu ya kuishi naye bila ndoa, akabeba mabegi. Namkumbuka mpaka mbavu zinauma.

Jumapili, 14 Julai
Siku hizi anauliza mengi. Kulungu anatokea upande gani? Asubuhi au jioni? Nami najibu yote, nachekacheka kama msichana anayechumbiwa.

Leo kapiga simu. Sauti yake! Amefaulu mtihani wa uwindaji. Mjomba wa Erik ana haki ya kuwinda katika msitu huu wa nyuma yetu, na msimu unafunguliwa tarehe kumi na sita Agosti.

"Tutalala kwako, Mama," kasema. Kwa Kiswahili.

Nilikaa chini. Kumbe ndiyo sababu ya maswali yote yale.

Jumapili, 4 Agosti
Nimedanganya. Nimemwandikia kwamba kulungu haonekani tena. Wakati naandika alikuwa pale pale, anamkimbiza jike kuzunguka banda la baiskeli, ulimi nje. Pembe nyeusi, ncha nyeupe. Mzuri, jamani.

Neema kajibu upesi: basi, tutakwenda kwa baba yake Erik.



Jumatano, 7 Agosti
Chakula hakipiti. Kazini, kwa wazee ninaowatunza, bibi ninayemwogesha kaniuliza kama naumwa. Nikasema ni uchovu.

Niliporudi nimemfukuza kulungu kwa ufagio. Nenda mbali, nimemwambia. Kasogea kidogo, kanitazama, karudi kwenye waridi zangu. Mjinga.

Nimemwandikia Neema: Amerudi. Anapitia upande wa bwawa, asubuhi.

Namtaka mwanangu. Ndiyo hivyo.

Ijumaa, 16 Agosti
Walifika jana. Erik ni mpole. Kavua viatu mlangoni bila kuambiwa, kala ugali kwa mkono, kajichoma, kacheka. Nilitaka nimchukie, nikashindwa.

Alfajiri wakatoka. Nilisimama jikoni, sinia mkononi, sijui nilitaka kufanya nini nalo. Mlio mmoja wa bunduki. Kisha kunguru.

Neema karudi kwanza, peke yake, damu kwenye mkono wa koti.

"Mama, alinitazama," kasema, akaniangukia kifuani.

Alilia kama alipokuwa mtoto. Nilimshika kwa nguvu. Kulungu nilimhurumia, kweli. Mimi ndiye niliyeonyesha njia. Lakini nilikuwa na furaha. Naona aibu kuandika hivi, na naandika.

Ini tulilikaanga kwa kitunguu na pilipili. Neema alisimama kando yangu akikoroga. Nilikula. Lilikuwa tamu.

Jumamosi, 24 Agosti
Erik alirudi kazini Jumatatu. Neema alibaki wiki nzima. Juu ya ndoa sikuuliza. Naye hakugusia.

Leo nimemsindikiza stesheni. Mvua nyepesi. Alisema atapiga simu akifika. Kapiga akiwa bado njiani.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Hakuna kitu, Mama."

Hakukata. Nikaiacha simu sikioni, nikawa namsikia anavyopumua, na treni chini yake, nusu ya safari, hadi Uppsala.