Chupa Chini ya Jani

Sasa Shiru,

Maporomoko ya Mosi-oa-Tunya yananguruma mpaka unayasikia kifuani, na manyunyu yake yanaunyeshea msitu jua likiwaka. Nimelowa hadi soksi, na nimefurahi. Lakini unajua kwetu maji yakionekana hayaachwi yapite. Bila kufikiri nilifungua chupa, nikaikinga chini ya jani lililokuwa likitiririka. Mama mmoja nyuma yangu akacheka.

"Wewe ni wa Nairobi."

Nikamuuliza amejuaje. Akanionyesha chupa yake, imeshajaa. "Mimi natoka Lavington. Hata kwetu kwa matajiri tanki imekauka."

Mfereji ukikohoa maji yakirudi huko Kileleshwa, jaza mitungi yote, dadangu, halafu uoge bila haraka. Chupa nimeifunga vizuri. Nakuletea.

Wako,
Njeri