Akina Mama Hawakuwa na Pingamizi

Alhamisi, mwezi wa tatu. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikakatika saa nne, kisha likatoka lile jua letu la Kyela linalokufanya uoge mara mbili na bado unuke jasho. Nina hasira tangu mchana na sijui niimalizie kwa nani, basi naiandika hapa.

Leo nilikwenda halmashauri kupinga mpango wa viwanja. Nimechelewa miezi mitano.

Kwa asiyepajua kwetu Bondeni: chini ya nyumba yangu kuna kibonde ambamo wanawake tunalima magimbi. Masika, maji yote yanayotoka juu hupita hapo kwenda kwenye mashamba ya mpunga. Hayaombi ruhusa, yanapita tu. Sasa halmashauri imeandaa mpango mzuri sana wa makazi bora na jamii yenye afya. Una uwanja wa michezo, njia za waenda kwa miguu, miti ya kivuli, na eneo la zahanati. Kibonde chetu kimepakwa rangi ya njano, maana yake nyumba. Kitajazwa kifusi, kikatwe viwanja. Maji yatakwenda wapi, ramani haisemi.

Mimi najua yatakakokwenda. Mwaka juzi yalipanda kidogo tu, choo cha jirani kikafurika, na mwanangu Lusajo akalazwa siku sita akiharisha. Nilimshika mkono uliokuwa na dripu nikaona ulivyokwisha. Tangu hapo nikisikia mtu anasema "jamii yenye afya" nataka kumuuliza kama amewahi kulala sakafuni wodi ya watoto.

Mkutano wa kujadili mpango ulifanyika mwezi wa kumi, katika shule ninayofundisha. Darasa langu mwenyewe, la nne. Nilikuwa nimemwomba mume wangu asemee habari ya kibonde, akanijibu, "Sema mwenyewe, mwalimu ni wewe." Sawa. Nikavaa gauni la kanisani, nikaenda. Nilipofika mlangoni nikamwona baba mkwe ameketi dawati la mbele.

Nikageuka.

Wasiotoka huku watacheka. Mwanamke wa Kinyakyusa hakai chumba kimoja na baba mkwe wake. Hamtazami, hamtaji jina, na wakikutana njiani anampisha hata kama pembeni ni tope. Tunaita ukutila. Kwa wasichana wa siku hizi imelegea, wengine wanapeana mikono na wakwe zao kama wabunge. Katika ukoo nilikoolewa bado ipo. Nina miaka kumi na miwili hapa, na sura ya baba mkwe naijua zaidi kwenye picha ya harusi kuliko kwa macho.

Nje, chini ya dirisha, niliwakuta wanawake wenzangu saba, kila mmoja na mkwe wake ndani. Tukasimama tukisikiliza. Wanaume waliuliza barabara itapita kwa nani na vijana wao watapata viwanja vingapi. Mume wangu naye akauliza barabara. Karatasi ya mahudhurio ikapitishwa dirishani, tukasaini, kwa sababu kweli tulikuwepo. Kisha yule afisa kijana wa mipango miji, mgeni wa huku, akauliza, "Akina mama mnasemaje?" Kimya. Akauliza tena. Mama Tumpe, jirani yangu, akanifinya niseme kupitia dirishani. Nikatazama viatu vyangu.

Leo kijana huyohuyo ndiye aliyenipokea. "Shikamoo, mwalimu. Karibu kiti." Nikamweleza maji, choo, mtoto. Alisikiliza mpaka mwisho, na hilo liliniudhi zaidi, maana nilikuwa nimekuja kugombana. Akafungua faili, akanionyesha muhtasari wa mkutano. Imeandikwa: akina mama walihudhuria kwa wingi na hawakuwa na pingamizi. Nyuma yake kuna orodha ya mahudhurio, na jina langu ni la tatu, kwa mwandiko uleule ninaowafundishia watoto wa watu.

"Muda wa pingamizi umepita, mwalimu. Ramani imeshaidhinishwa, Jumatatu wapimaji wanaanza kuweka mawe ya mipaka." Akafunga faili. "Siku ile niliuliza mara mbili."

Ni kweli. Aliuliza mara mbili.

Njiani nilimtukana kimoyomoyo, nikamtukana bosi wake, nikamtukana mume wangu na barabara yake. Watu waliponiishia nikabaki mwenyewe. Basi niseme lile ambalo sijamwambia mtu. Siku ile nilipomwona baba mkwe pale mlangoni, sikuhuzunika. Nilipumua. Nilikuwa naogopa kusimama mbele ya wanaume wanaotaka viwanja, wanione mimi ndiye ninayeziba riziki ya watoto wao. Mila ikanipa pa kujificha. Wale wenzangu saba siwasemei. Mimi nilijificha.

Jioni mama mkwe alikuja tukamenya ndizi pamoja. Nikamsimulia yote, hadi ile karatasi. Akanawa mikono, akaenda kwake, hapo ng'ambo ya ua, nikamsikia akizungumza na mzee kwa Kinyakyusa, polepole. Aliporudi akachukua kisu chake akaendelea kumenya.

"Amesemaje, mama?"

"Amesema ungebisha hodi tu, mama Lusajo. Yeye angetoka."

Nikacheka, kicheko kisicho na raha. Nikamuuliza kama angetoka kweli, mbele ya watu wote wale.

"Unadhani ni wewe peke yako unayempisha? Mzee wa watu kila asubuhi haendi shamba mpaka asikie umeshatoka kwenda shule. Miaka yote hii. Hata mvua ikimchelewesha, anakungoja wewe upite."

Sikujua. Naapa sikujua. Nilidhani adabu ilikuwa mzigo wangu mimi tu, kumbe kulikuwa na mtu upande wa pili anabeba nusu yake kimya kimya. Ningebisha mlango wa darasa langu mwenyewe, mzee angeinuka, ningesema maneno matatu, na leo faili lingesomeka vingine. Kilichonizuia hakikuwa yeye.

Nimemtuma mama mkwe amwambie kwamba Jumatatu nitakwenda kibondeni kusema mbele ya wapimaji. Jibu limerudi upesi: naye atakuja, atasimama mahali tusipoonana, ila anisikie. Ndaga, baba, asante. Lakini sijidanganyi. Mawe yatawekwa vilevile, maana wao wana sahihi yangu na mimi nina mdomo uliochelewa.

Na masika yajayo, maji yakiingia kwetu na kwao kwa pamoja, nani atampisha nani?