Kengele Bila Ngamia

Mjukuu wangu Hodan,

Asalaam aleikum kutoka Waberi. Nyanya yako mzima. Shangazi yako amejifungua msichana, na jina bado tunalibishania.

Unaniuliza: mwaka mzima umejifunza kuandika insha ya mtihani wa kuingia uzamili, sasa chuo kimeiondoa insha. Je, jasho lako limeenda bure?

Nilipokuwa msichana kule Bute, ngamia wetu mmoja alipotea. Nilifuata mlio wa kengele yake ya mbao tangu asubuhi hadi adhuhuri. Nikaikuta imenasa kwenye mti wa miiba, kamba imekatika, ngamia hayupo. Hapakuwa na upepo hata kidogo, na bado kengele ililia. Usinicheke. Nilisoma aya zote nilizozijua, nikageuka nikimbie.

Ngamia alikuwa amesimama nyuma yangu, shingo tupu, kimya. Mchangani, nyayo zake zilikuwa juu ya zangu, tangu mbali, kote nilikopita.

Basi nenda ukafanye mtihani wao mpya. Ukihisi pumzi ya mtu kisogoni, usishtuke. Ni ile insha, imekufuata.

Nyanya yako