Merle Amefuta Kituo cha Colorado

Arlene, umeamka? Naandika haraka haraka, nivumilie makosa.

Kabla hakujapambazuka nilisikia birika la kahawa likitokota jikoni. Nikamkuta mzee wangu Merle ameinamia ramani ya safari yetu ya Oregon kwa lile gari letu la kulala, lenye vitanda na jiko ndani. Amefuta Colorado! Kwa mkwe wetu Janelle! Kwa mjukuu wetu!

Namuuliza, ananiambia, "Bonnie, tangu aachane na mwanetu, yule hataki hata kutuona. Tutalala kambini kama wazee wenye heshima zao."

Sikuweza kujizuia. Nikampigia Janelle palepale. Nikasahau kabisa kwamba saa za kwao ziko nyuma ya zetu, wao bado wako usingizini!

Akapokea kwa hofu: "Mama, nani amekufa?"

Nani amekufa, Arlene! Aibu iliyonishika! Nikamwambia, "Hakuna, mwanangu. Nilitaka kuuliza kama tunaweza kuegesha uani kwako tukipita."

Kabla Janelle hajajibu, Merle akaninong'oneza, "Si nilikwambia?"

Kisha Janelle akasema taratibu, "Mama, tangu masika nimekata matawi ya mti wa langoni ili gari lenu lipite. Nilidhani ninyi ndio hamtaki."

Matawi, Arlene! Amekata mwenyewe, kwa msumeno. Merle kachukua kalamu, anaandika Colorado tena kwenye ramani.

Mimi sijatulia hadi sasa, nazunguka tu jikoni. Maana kabla ya kukata simu Janelle aliniambia, "Na mkitoka Oregon, msije mkapita njia nyingine. Njooni tena, Mama."